DERAYA NA MAJIVU YA MKEKA: SOMO JUU YA KINGA NA TIBA

MASUALA: Ndugu yetu mmoja wa Musanda, katika nchi ya Mumias, atuandikia kwamba mwaka 2021, chanjo ya korona ilipofika kwao, baba yake mzee alikataa kuchanjwa. Alikuwa akisema: "Mimi si mgonjwa, siku nitakayougua nitameza vidonge." Kisha akaugua. Akanunuliwa vidonge dukani, akakaa navyo siku tisa, na alipofikishwa hospitali haikuwa mbali na saa yake. Leo ndugu zake wasema maneno yale yale juu ya watoto wao na chanjo ya surua. Atuuliza: Je, kumeza dawa ukiugua si bora kuliko kudungwa sindano ukiwa mzima? Na je, baba yetu alikosa?

JAWABU: Kwanza twampa pole ndugu yetu, na twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wake. Wala asidhani msomaji wa pwani kwamba haya ni mambo ya bara peke yake. Uislamu wa Mumias ulifika kwa misafara ya watu wetu, na maneno aliyoyasema mzee yule twayasikia katika baraza zetu za Mombasa, Lamu na Malindi. Masuala ni yake, lakini somo ni letu sote.

Katika vita vya Uhud, Mtume wetu (S.A.W.) alitoka amevaa deraya mbili, moja juu ya nyingine, naye ndiye aliyemtegemea Mola wake kuliko viumbe wote. Hata hivyo alijeruhiwa usoni. Bibi Fatima (R.A.) alipoona damu haikomi, alichoma kipande cha mkeka, akalibandika jeraha majivu yake, damu ikasita. Tazama basi, katika siku moja na mwili mmoja, kinga imetumika na tiba imetumika. Deraya haikumfanya mtu adharau majivu, wala hakuna sahaba aliyesema: "Maadamu majivu yapo, deraya ya nini?"

Chanjo ni deraya, na kidonge ni majivu ya mkeka. Anayeuliza kipi bora kati ya viwili hivyo ameuliza swali lisilosimama, kwani kila kimoja kina saa yake.

Na tueleze namna vinavyofanya kazi. Virusi haviwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya chembe za mwili na kuzitumikisha. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja, hata akija akute askari wako macho. Kidonge cha kupinga virusi hakimfundishi askari yeyote. Kazi yake ni kuzuia virusi visizaane. Kwa hiyo hufaa mwanzo wa ugonjwa, vingali vikiongezeka. Vikisha kuenea na mapafu yakawa yameharibika, kidonge kimechelewa.

Vidonge vya korona vyenyewe vilikuja nyuma ya chanjo. Chanjo zilifika Kenya Machi 2021. Molnupiravir iliidhinishwa kwanza Uingereza Novemba 2021, na Paxlovid ikaruhusiwa Marekani Desemba ya mwaka huo. Basi vidonge alivyovingojea mzee wetu havikuwapo. Alivyouziwa dukani, yamkini vilikuwa vya kuua bakteria, navyo haviui virusi hata kimoja.

Wala hatuvidharau vidonge. Paxlovid ilipojaribiwa kwa watu wasiochanjwa walio katika hatari, katika elfu moja na kidogo walioimeza ndani ya siku tano, 8 walilazwa hospitali au kufa. Katika idadi kama hiyo wasiopewa, walikuwa 66. Hiyo ni faida kubwa. Molnupiravir ilipunguza hatari kwa kadiri ya asilimia 30 tu. Lakini angalieni masharti: upimwe, ujulikane, uanze ndani ya siku tano. Tena Paxlovid hugombana na baadhi ya dawa za moyo na za kuyeyusha damu, ambazo ndizo wazee wanazotumia, na molnupiravir hapewi mwenye mimba. Mtu wa Musanda akipata homa Jumatatu, apimwe wapi, na dawa aipate lini? Siku tano ni chache mno kwa aliye mbali na mji na asiye na nauli.

Na tukitaka ushahidi wa pwani yetu wenyewe, tuangalie ndui. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Mwislamu wa mji wa Marka, Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini lakini hakuwa amechanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliiogopa sindano. Mungu alimponya, naye akaja kutumika katika kuwahimiza watu wachanje watoto wao dhidi ya polio, akieleza kisa chake, hadi alipofariki mwaka 2013. Mwaka 1980 ulimwengu ulitangazwa kuwa umesalimika na ndui. Kidonge cha ndui, tecovirimat, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2018, yaani miaka 38 baada ya ndui kwisha! Lau wazee wetu wangalingoja kidonge, wangapi wangalizikwa?

Kidonge hicho hicho kilijaribiwa Kongo kwa mpoksi, maradhi ya ukoo mmoja na ndui. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: hakikuharakisha kupona vidonda. Na surua, wanayoidharau ndugu wa muulizaji, haina mpaka leo kidonge kilichothibiti cha kuua virusi vyake. Mtoto hutunzwa, hupewa vitamini A, na huombewa. Kinga yake ni chanjo.

Twakiri pia upande wa pili. Ukimwi haujapata chanjo, na vidonge ndivyo vilivyowarudishia watu uhai na kuwawezesha akina mama kuzaa watoto wazima. Mwenye kuvitupa kwa kutegemea kombe na hirizi amejidhulumu nafsi yake.

Sasa, kwa nini watu hupenda kidonge? Kwanza, mgonjwa huyaona maradhi yake, na mzima hayaoni. Pili, kidonge hukimeza mwenyewe kwa mkono wake, na sindano hudungwa na mwingine. Tatu, ni shaka juu ya watoaji. Shaka hii haikuzuka hewani. Machi 2021 dola kadhaa za Ulaya zilisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca kwa sababu ya kuganda damu, ajali iliyokuwa nadra sana, na wakati huo huo ndiyo tuliyokuwa tukipewa sisi. Na mataifa ya kitajiri yalijilimbikizia chanjo kabla yetu. Yafaa watawala wajue kwamba imani hujengwa kwa kueleza, si kwa kuamrisha. Lakini mwenye shaka awe na insafu: Paxlovid yatoka kwa Pfizer, na chanjo mojawapo ya korona yatoka kwa Pfizer huyo huyo. Vipi mkono mmoja uwe mwaminifu ukitoa kidonge, na khaini ukitoa sindano?

Wala hatusemi chanjo ni ngome isiyopenywa. Waliochanjwa waliugua, na nguvu yake hupungua kwa muda. Faida yake kubwa ilikuwa kuzuia ugonjwa mzito na mauti. Wataalamu wa London walikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza chanjo ziliokoa watu milioni 14.4 kwa hesabu ya vifo vilivyoandikwa.

Atakayesema, "Ajali haina kinga," na akumbuke Sayyidna Umar (R.A.) alipopata habari ya tauni ya Sham, akageuza safari. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana kwamba anakimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kinga nayo imo katika kadari.

Ama mzee wetu, hatumhukumu. Alitenda kwa kadiri ya alivyojua, na ajali yake ilikuwa imeandikwa. Waliokufa kwa tauni wamebashiriwa shahada, nasi twamtarajia mzee fungu katika rehema hiyo. Lakini aliyekwisha kujua hana udhuru wa asiyejua. Huu ndio mzigo wa ndugu zake leo, kwani mzee alijiamulia nafsi yake, na wao wawaamulia watoto wasio na kauli.

Basi ewe ndugu wa Musanda, wapelekee maneno haya kwa upole, bila kuwatia aibu ya msiba. Wapeleke watoto wachanjwe. Mtu akiugua, apimwe siku ya kwanza, asingoje ya tisa. Dawa ziulizwe kwa tabibu, si kwa muuza duka. Na baada ya kufunga ngamia, tumtegemee Mola.

Mwenyezi Mungu atupe afya, na elimu ya kuilinda. Amin.