Dereva Anayenuka Pombe: Somo kwa Askari Wanafunzi na Watumishi wa Afya

Lori limeacha njia usiku kati ya Chalinze na Segera na kulala ubavu mtaroni. Hakuna gari jingine lililoguswa. Dereva ametoka mwenyewe kupitia dirishani. Ananuka pombe, ulimi unaburuta, akisimamishwa anayumba, akiulizwa jina anatukana. Askari mwanafunzi aliye katika mazoezi ya vitendo anaandika neno moja katika daftari lake, "amelewa", na dereva anapelekwa mahabusu alale mpaka pombe imtoke. Alfajiri anakutwa anakoroma, na haamki.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini tabibu yeyote aliyewahi kushika zamu katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu ataitambua sura yake. Neno "amelewa" limeandikwa kama hitimisho kabla ya uchunguzi. Kwa upande wa sheria, neno hilo peke yake halimtoshi mwendesha mashitaka. Kwa upande wa tiba, laweza kuwa ndilo lililomnyima mtu huyo saa chache ambazo zingeokoa maisha yake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, haina kosa moja tu la ulevi. Yako makosa mawili yanayofanana kwa jina na kutofautiana kwa ushahidi. La kwanza ni kuendesha chombo cha moto mtu akiwa ameathiriwa na kinywaji au dawa kiasi cha kushindwa kukimudu ipasavyo. Hapa kinachothibitishwa ni hali ya mtu: alivyoendesha, alivyotembea, alivyozungumza, alivyoitikia maswali. La pili ni kuendesha huku kiwango cha pombe mwilini kikizidi kile kilichowekwa na sheria, yaani miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Hapa kinachothibitishwa ni namba. Dereva mzoefu wa pombe aweza kuwa na miligramu 150 na bado akazungumza kwa ufasaha. Hilo halimwokoi na kosa la pili. Mwingine aweza kuwa na miligramu 60 tu, amemeza na vidonge vya usingizi, na asiweze kushika usukani hata kidogo. Huyo yumo ndani ya kosa la kwanza ingawa namba yake iko chini ya kiwango. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nchi zishushe kiwango hadi miligramu 50, na hoja yake ya kitabibu ni nzito: uwezo wa kugawa umakini kati ya mambo mawili huanza kupungua mapema sana, mnywaji mwenyewe akiwa bado anajiona mzima.

Askari mwanafunzi asiyetofautisha makosa haya hukusanya ushahidi wa kosa moja na kuandika hati ya lingine. Kosa likiwa la hali ya mtu, daftari lijae maelezo: saa, mahali, gari lilikutwa vipi, dereva alisema nini kwa maneno yake, alishindwa kufanya nini. Macho mekundu yaandikwe, lakini yasipewe uzito yasiostahili. Dereva wa lori aliyekesha kwenye vumbi ana macho mekundu hata kama tangu azaliwe hajaonja pombe.

Namba ina hesabu yake, na inafaa askari na tabibu waifahamu wote wawili. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kwa kutumia hesabu iliyoasisiwa na mtaalamu wa Sweden, Erik Widmark, gramu hizo katika mwili wa mwanamume wa kilo 70 hupandisha kiwango kwa miligramu 40 hivi katika kila mililita 100 za damu. Kwa mwanamke wa kilo 55 chupa hiyo hiyo hupandisha kwa zaidi ya miligramu 60, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na sehemu yake ya maji ni ndogo zaidi. Ini nalo huondoa pombe kwa mwendo wake, wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa, na mwendo huo haubadilishwi na kahawa, maziwa, supu ya pweza wala kuoga maji baridi.

Sasa mchukulie dereva wa basi mwenye kilo 70 aliyeanza kunywa saa 2 usiku na kumaliza chupa ya sita saa 6 usiku. Chupa sita ni kama miligramu 250. Tangu saa 2 usiku hadi saa 12 alfajiri ni saa kumi, na ini limeondoa miligramu 150. Anapowasha injini amebakiwa na miligramu 100 hivi. Amelala, ameoga, amepiga mswaki, hanuki sana, na hajioni mlevi. Lakini abiria waliomo ndani wanaendeshwa na mtu aliyevuka kiwango cha sheria. Ukaguzi wa alfajiri kwenye vituo vya mabasi unapata maana yake hapo. Kwa pombe za kienyeji, mbege, ulanzi, komoni au gongo, hesabu ya chupa haifai, maana nguvu ya kinywaji hubadilika kutoka mpishi mmoja hadi mwingine. Huko hakuna budi kupima.

Kifaa cha kupima kwa pumzi hakipimi damu. Hupima pombe iliyomo katika hewa itokayo mapafuni, kisha hukadiria iliyomo katika damu, na vifaa vingi hukadiria kwamba damu hubeba pombe mara 2,100 ya ile iliyomo katika hewa ya ujazo uleule. Makadirio hayo ni mazuri kwa kazi ya barabarani, ila yana adui mmoja mkubwa, nayo ni pombe iliyobaki mdomoni. Mtu aliyemeza funda dakika mbili zilizopita, aliyecheua au aliyetapika, anaweza kutoa namba kubwa isiyo ya kweli. Askari amsubirishe dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta sigara, ndipo apime, na aandike kwamba alisubiri. Wakili wa upande wa utetezi atauliza swali hilo kabla ya mengine.

Inapohitajika damu, kazi inaingia mikononi mwa mtumishi wa afya, na hapa ndipo kesi nyingi hudhoofika kwa sababu ambazo maabara ya kawaida haizijali. Ngozi isisafishwe kwa spiriti. Itumike dawa isiyo na pombe, au maji safi na sabuni. Damu iwekwe katika chupa yenye floridi ya sodiamu, ambayo huzuia vimelea kutengeneza au kula pombe ndani ya sampuli. Ijazwe vizuri, ifungwe kwa lakiri, iandikwe jina, tarehe, saa na dakika, na ihifadhiwe katika jokofu hadi itakapokabidhiwa kwa saini kwa askari atakayeipeleka kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila mkono uliopokea chupa hiyo uonekane katika maandishi. Sampuli iliyokaa dirishani siku mbili bila saini ya mtu ni damu tu, si kielelezo.

Liko kosa jingine lisilojulikana sana. Hospitali nyingi zenye mashine ya kupima pombe hupima majimaji ya damu baada ya chembe kutenganishwa, wala hazipimi damu nzima. Majimaji hayo yana maji mengi zaidi, kwa hiyo pombe yake ni kubwa kuliko ya damu nzima kwa asilimia 15 hivi. Mgonjwa mwenye jibu la miligramu 90 kutoka mashine hiyo ana takriban miligramu 78 katika damu nzima, chini ya kiwango cha sheria. Tabibu anayenakili 90 katika fomu bila kutaja ilipimwa katika nini anaweza kumtia hatiani mtu ambaye namba hiyo, ikisomwa sawasawa, haimtii hatiani.

Dereva akikataa kutolewa damu, mtumishi wa afya hamshiki kwa nguvu. Anaandika kwamba amekataa, saa ngapi na mbele ya nani. Yanayofuata ni ya polisi na mahakama. Asiyejitambua hutibiwa kwanza. Damu itakayotolewa kwa ajili ya matibabu yake ni ya matibabu, na majibu yake hayasomwi kwa sauti mbele ya askari aliyesimama mlangoni.

Turudi kwa dereva wa Segera. Harufu ya pombe inathibitisha jambo moja tu, kwamba mtu amekunywa. Haithibitishi kwamba kuyumba kwake kumetokana na alichokunywa. Mtu aliyetoka katika lori lililopinduka ana sababu ya wazi ya kuumia kichwa, na damu inayovuja kati ya fuvu na ubongo inaweza kumpa nafuu ya muda, akazungumza na hata kubishana, kisha akalala usingizi usioamshika. Mboni moja kubwa kuliko nyenzie, kutapika kwa kurudia, udhaifu wa upande mmoja, damu au maji yanayotoka sikioni, au fahamu inayopungua badala ya kuongezeka: lolote kati ya hayo ni sababu ya kuacha maswali na kutafuta gari la wagonjwa. Pombe huondoka kidogo kidogo. Mlevi wa saa 8 usiku anapaswa kuwa na hali bora saa 10. Akiwa na hali mbaya zaidi, kuna jambo jingine. Kwa hiyo aliyewekwa mahabusu akiwa ananuka pombe aamshwe mara kwa mara na kuulizwa jina lake. Kukoroma si dalili ya kupumzika.

Sababu ya pili hugunduliwa kwa tone moja la damu kidoleni. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mtu huanza kutoka jasho na kutetemeka. Ikizidi kushuka huchanganyikiwa, hugeuka mkali na kuburuta maneno. Pombe yenyewe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na kwa asiyekula mchana kutwa hatari ni kubwa zaidi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi yumo katika hatari hiyo hata bila pombe, na glibenklamidi hushusha sukari kwa saa nyingi, hivyo akizinduka kwa soda asiachiwe aende zake. Kinyume chake, sukari ikipanda kupita kiasi na mwili ukaanza kuunguza mafuta, pumzi hutoa harufu tamu ya asetoni ambayo pua isiyozoea huiita pombe. Kuna pia aliyetoka kupata degedege la kifafa, ambaye kwa dakika kadhaa hajui yuko wapi na huwasukuma wanaomshika, na yuko mwenye kiharusi. Watu hawa wote huyumba.

Ndiyo sababu daktari anayejaza fomu ya polisi namba 3, PF3, anatakiwa kuandika alichokiona kabla ya anachokidhani: harufu, mwendo, usemi, mboni, kiwango cha fahamu kwa kipimo cha Glasgow, sukari, majeraha, na saa ya kila kimoja. Fomu hiyo itasomwa mahakamani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho mahakimu wamekizoea kwa namba 240, inaitaka mahakama kumjulisha mshitakiwa haki yake ya kutaka aliyeiandika aitwe na kuhojiwa, na Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 nyingi katika ushahidi kwa sababu hakimu hakumjulisha hivyo. Daktari ajiandae kusimama na kueleza mwandiko wake miaka miwili baadaye, wakati uso wa mgonjwa umeshamtoka akilini.

Wagonjwa nao walijue hili kuhusu PF3: ni karatasi ya ushahidi, haikuwekwa iwe kibali cha kutibiwa. Majeruhi anayevuja damu huhudumiwa, na fomu hufuata. Lakini isipuuzwe, kwa kuwa anayekusudia kudai fidia kwa bima ya gari lililomgonga ataulizwa ilipo.

Dereva mwenye kisukari apime sukari kabla ya kuanza safari, aweke soda yenye sukari au glukosi pale mkono unapofika akiwa ameketi, na asimame kula kwa wakati hata kama tajiri wa gari anapiga simu. Mwenye kifafa azungumze na daktari wake kuhusu udereva kabla ya kuomba au kuhuisha leseni. Anayepewa dawa ya mafua yenye klorofeniramini, diazepamu, amitriptilini au fenobabito amuulize mfamasia kama anaweza kuendesha, maana kosa la kwanza katika sheria linazitaja dawa pamoja na kinywaji, na cheti cha daktari hakimwondolei dereva dhima ya usingizi uliomchukua kwenye usukani. Kadi inayotaja ugonjwa na dawa zake ikae pamoja na leseni, katika mfuko uleule, kwa sababu leseni ndicho kitu cha kwanza askari atakachoomba.