Somo la Vikundi: Kabla ya Kununua Kamera



Hapa Ndalu tumezoea hesabu ya mahindi. Kabla ya kupanda, kila mtu anauliza kwanza: shamba ni ekari ngapi, mbolea itatoka wapi, na nani atapalilia? Hakuna mkulima anayenunua trekta kwa sababu rangi yake inapendeza. Lakini ikifika kwa kamera mambo hubadilika. Kikundi kinaweza kuchanga pesa mwaka mzima, kisha vijana wawili wanatumwa mjini na kurudi na kamera inayong'aa, lenzi moja, betri moja, na mfuko mtupu. Hata nauli ya kwenda kwenye harusi ya kwanza hakuna.

Vikundi vingi vya vijana vimeanza kupiga picha kwa simu na sasa vinataka kupanda ngazi, vinunue kamera ya dijitali ya aina ya DSLR. Ni wazo zuri. Katika somo hili tutaangalia jinsi ya kuchagua vifaa vya kuanzia. Neno kubwa la kukumbuka ni hili: pesa zifuate kazi, zisifuate jina la kamera.

1. ANZENI NA KAZI

Siku hizi karibu kila nyumba ina simu inayopiga picha. Kwa hivyo hakuna mtu atakayewalipa kwa picha ambayo mtoto wake anaweza kuipiga. Watu hulipa pale simu inaposhindwa. Kaeni chini kama kikundi, mchukue daftari, na muandike kazi zote za mwaka ambazo watu wa hapa hulipia.

Kwa mfano: harusi, hasa mwezi wa nane na wa kumi na mbili. Komunyo ya kwanza na kipaimara. Sherehe za watoto wa chekechea wanapomaliza. Matanga, ambapo familia hutaka picha ya kumbukumbu pamoja na jamaa waliotoka mbali. Na katika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2024 na 2026, kuna tohara ya Wabukusu, ambayo shughuli zake huenda usiku kucha.

Mbele ya kila kazi andikeni ugumu wake. Kanisani kuna giza na watu wanatembea. Usiku hakuna mwangaza kabisa. Kwenye matanga jamaa ni wengi na lazima wote waingie kwenye picha moja. Mkimaliza orodha hiyo, mtakuwa mmejua ni vifaa gani mnahitaji, hata kabla ya kuuliza bei.

2. DSLR NI NINI?

Ndani ya kamera hii kuna kioo kidogo. Mwangaza unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda juu mpaka kwa jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinainuka, pazia linaloitwa shata linafunguka, na mwangaza unaangukia kipande cha elektroniki kinachopokea picha. Kipande hicho ni kikubwa mara nyingi kuliko kile cha simu, ndiyo maana picha ya gizani hutoka safi zaidi. Jambo la pili, lenzi yake inatoka na kuwekwa nyingine. Kumbe mnanunua vitu viwili: bodi na lenzi.

Siku hizi kampuni kama Canon na Nikon zimeweka nguvu zao zaidi kwa kamera mpya zisizo na kioo. Wapigapicha wengi wanahamia huko na kuuza zile za zamani. Hiyo ni nafasi kwa kikundi kisicho na pesa nyingi, maana DSLR za mitumba zinapatikana, na picha zake hazijaharibika kwa sababu kuna mpya.

3. MSIDANGANYWE NA MEGAPIKSELI

Muuzaji atawaambia, "Hii ni megapikseli 24, ile ni 18, chukueni hii." Hebu tupige hesabu. Picha ya kawaida ya albamu ni inchi 4 kwa 6. Ili iprintiwe vizuri inahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani nukta 1,200 kwa 1,800. Hizo ni kama megapikseli 2 tu. Picha kubwa ya ukutani ya inchi 8 kwa 12 inahitaji kama megapikseli 9. Basi hata kamera ya miaka mingi yenye megapikseli 12 inatosha kazi za kijijini. Msiongeze maelfu ya shilingi kwa namba ambayo mteja hataiona.

4. LENZI NDIYO JICHO

Bodi huzeeka upesi, lakini lenzi nzuri hukaa. Lenzi za Canon za aina ya EF zilianza mwaka 1987, na nzima kati ya hizo bado zinafanya kazi kwenye DSLR za Canon zilizokuja miaka thelathini baadaye. Kwa hivyo mkibana matumizi, banieni kwa bodi, sio kwa lenzi.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera za wanaoanza huwa ya milimita 18 hadi 55. Ile 18 inaona kwa upana, nayo inafaa picha ya ukoo mzima. Ile 55 inavuta karibu kidogo. Ni lenzi nzuri mchana. Shida yake ni gizani.

Angalieni namba iliyoandikwa na herufi f. Namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwangaza mwingi unaingia. Lenzi ile ya kawaida ikivutwa hadi 55 huwa f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwangaza kama mara kumi zaidi. Maana yake ni nini kanisani? Pale lenzi ya kwanza inapohitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde, na bibi harusi anayetembea anatoka kama moshi, ile ya pili inahitaji sehemu moja ya mia, na uso wake unaonekana wazi. Nayo ni moja ya lenzi za bei nafuu kuliko zote. Haivuti, lazima utembee wewe mwenyewe, na haitaingiza watu hamsini chumbani. Ndiyo sababu mnahitaji hizo mbili pamoja.

Lenzi ndefu ya kuvuta mbali hutamaniwa sana na vijana. Iacheni kwanza. Kwenye harusi za huku mpigapicha anaruhusiwa kusogea.

Tahadhari moja: bodi za Nikon za wanaoanza, zile za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600, hazina mota ndani ya kulenga. Zinahitaji lenzi yenye mota yake ndani, kama ile iliyoandikwa AF-S. Mkinunua lenzi ya zamani iliyoandikwa AF peke yake, itaingia vizuri lakini mtalenga kwa mkono kila mara. Jaribuni lenzi kwenye bodi yenu kabla ya kutoa pesa.

5. VITU VIDOGO VINAVYOHARIBU KAZI KUBWA

Betri ya pili. Umeme ukipotea Ijumaa usiku na harusi ni Jumamosi, mtafanya nini? Kadi mbili za GB 32 ni bora kuliko moja ya 64, maana moja ikiharibika hamjapoteza kila kitu. Flashi inayogeuza kichwa: ielekezeni juu kwenye dari nyeupe au turubai jeupe la hema, mwangaza urudi kwa upole. Ikimlenga mtu moja kwa moja, uso unang'aa na nyuma kunakuwa giza. Kanisani, muulizeni padre kwanza kama flashi inaruhusiwa.

Halafu mfuko unaofungika. Wakati wa mvua, unyevu huleta kuvu ndani ya lenzi. Wekeni ndani vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na kamera ikae mahali pakavu penye hewa.

6. MFANO WA HESABU

Tuseme kikundi kina shilingi 60,000. Bei hizi ni za mfano wa kujifunza, mtaulizia wenyewe dukani:

Bodi ya mitumba na lenzi ya 18 hadi 55: 30,000
Lenzi ya 50 yenye f/1.8: 10,000
Flashi: 8,000
Betri ya pili na kadi mbili: 5,000
Mfuko na vitambaa vya kusafishia: 2,000
Pesa za kuanzia, yaani nauli na kuprinti picha za kuonyesha wateja: 5,000

Mnaona? Bodi na lenzi yake ya kwanza vimechukua nusu tu. Kikundi kinachotumia zote 60,000 kwa bodi kimenunua jembe la mpini wa dhahabu na hakina mbegu.

Wala msione haya kwa kamera ndogo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza akiwa mvulana na kamera ya kisanduku ya Box Brownie. Ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoamsha dunia kutoa msaada. Mkono na jicho hufundishwa kwa mazoezi.

7. MKINUNUA MITUMBA

Nendeni watu wawili au watatu, mchana, na mbebe kadi yenu. Fanyeni hivi:

Mulikeni tochi ndani ya lenzi. Mkiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu. Wekeni chini.

Pigeni picha ya mbingu kwa f/16. Madoa meusi yanayobaki mahali pamoja ni uchafu ndani. Mengine husafishika, lakini yapunguze bei.

Ulizeni shata imebonyezwa mara ngapi. Ile ya Nikon D3500, kwa mfano, ilijaribiwa kiwandani kwa mara 100,000. Kipimo hicho sio ahadi, lakini kinasaidia. Ikiwa imeshabonyezwa mara 80,000, na ninyi hubonyeza mara 1,000 kwa harusi moja, mmebakiwa na kama harusi 20 tu za kutumainia.

Chukueni risiti yenye namba ya kamera na jina la muuzaji. Kamera isiyo na mwenyewe inaweza kuwaletea polisi mlangoni.

8. KAMERA YA WOTE ISIWE YA MMOJA

Hapa ndipo vikundi huvunjikia. Kamera inalala kwa nani? Anayepiga picha analipwa nini? Ikianguka nani atagharamia? Amueni haya kabla ya kununua, yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na wanachama watie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kamera inapotoka, iandikwe tarehe, kazi, aliyeichukua na pesa zilizorudi.

Tena wekeni akiba ya kamera ijayo. Vifaa vya 60,000, mkitarajia vidumu miaka mitatu na kazi 20 kwa mwaka, ni kazi 60. Kila kazi iweke kando shilingi 1,000. Kama kazi italipwa 3,000, basi 1,000 ni ya akiba, na 2,000 inayobaki ndiyo ya kugawanya kati ya mpigapicha, nauli na kikundi. Mkigawana zote 3,000, mnakula kamera polepole bila kujua.

9. PICHA NI YA MTU

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni habari yake binafsi, na kwa mtoto lazima mzazi au mlezi akubali. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kikundi gani cha hapa kinaweza kulipa pesa hiyo?

Kwa hivyo ombeni ruhusa kabla ya kutuma picha kwenye simu za watu. Kwenye matanga, muulizeni mzee wa familia kinachoruhusiwa. Kwenye tohara, pigeni picha za ngoma na jamaa wanaosherehekea kwa idhini yao. Mtoto aliye uchi hapigwi picha, hata mtu akiwaahidi malipo. Heshima ya kikundi ikipotea, hata kamera nzuri haitaleta mteja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WENU

1. Taja kazi tatu ambazo watu wa kijiji chetu wako tayari kulipia picha. Simu inashindwa wapi katika kila moja?
2. Tukiwa na pesa tulizo nazo leo, kila kifaa kitapata kiasi gani?
3. Je, tunaweza kukodisha kamera kwa kazi mbili tatu kwanza, tuone kama wateja wapo?
4. Nani atatunza kamera, nani atatunza daftari? Kwa nini wasiwe mtu mmoja?
5. Ni picha zipi ambazo kikundi chetu hakitapiga hata kwa pesa?

Katibu aandike majibu. Mkikutana tena, anzeni kwa kuyasoma, ndipo mtume watu mjini.