Darubini ya Bei Nafuu: Acheni Kuuliza Inakuza Mara Ngapi

Barua nyingi zimetoka kambi ya Dzaleka hapa Malawi, chache Lilongwe. Nimechagua zinazonikera na zinazonitia hofu. Namna ya kufunga stendi, someni karatasi iliyo ndani ya boksi.

Muuzaji mjini anasema darubini yake ya kioo inakuza mara 525. Itafaa kwa picha za nebula? (Barua nne, swali moja.)

Haifai, na huyo anawalia hela. Kwa mfano, kioo cha milimita 76 kikomo chake ni mara 150 hivi. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Mwanga ulioingia ni ule ule: ukikuza mara mbili, unautandaza kwenye eneo mara nne, picha inafifia. Halafu nani kawaambia nebula ni vitu vidogo? Nebula ya Carina ina upana wa miezi mipevu minne ikipangwa mstari mmoja. Mwanaastronomia Lacaille aliigundua mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, kwa darubini iliyokuza mara 8 tu. Wingu Kubwa la Magellan, lile doa jeupe la kusini mnaloliona Desemba mawingu yakifunguka, linapita miezi kumi na tano kwa upana. Vitu hivi si vidogo, vimefifia. Dawa yake ni kukusanya mwanga. Muulizeni muuzaji upana wa kioo, urefu wa fokasi, na kama stendi inatikisika. Kioo cha milimita 130 hukusanya mwanga zaidi ya mara 300 kuliko mboni iliyotanuka gizani. Akirudia habari ya 525, ondokeni.

Sina stendi ya mota. Nyota zinatoka kama vimistari.

Anga linasogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa fokasi ya milimita 650, usizidishe nusu sekunde. Piga picha 600 za namna hiyo, uzilundike kwa Siril, programu ya bure isiyohitaji intaneti kufanya kazi hiyo. Umepata dakika tano za mwanga. Anza na Omega Centauri au Nebula ya Orion.

Video inaniambia nielekeze mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Siioni.

Na hutaiona, kwetu iko chini ya upeo. Elekeza mhimili kusini, uuinue nyuzi 14 kasoro kidogo.

Kamera haipati fokasi hata nikizungusha mpaka mwisho.

Darubini nyingi za bei nafuu zimeundwa kwa jicho. Sensa ya kamera inakaa mbali kuliko pale taswira inapotua. Tumia lenzi ya Barlow, inayosogeza taswira nje, au fundi akuwekee skrubu ndefu zitakazosogeza kioo kikuu mbele sentimita mbili tatu. Apime kwanza. Msimamie.

Naweza kulipiga jua picha?

Usithubutu. Jicho litaungua bila kusikia maumivu.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni hadi Agosti: baridi, anga kavu, na kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita karibu na utosi. Septemba moshi wa nyasi zinazochomwa unaharibu kila kitu.

Vumbi limejaa kwenye kioo. Nimelifuta kwa kitenge, sasa kuna michirizi.

Michirizi hiyo haitoki. Alumini ya juu ya kioo ni nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na vumbi letu ni mchanga. Vumbi kidogo haliharibu picha, liache. Likizidi kabisa, suuza kwa maji safi yenye tone la sabuni, malizia na maji ya betri yasiyo na asidi, kisha simamisha kioo kikauke chenyewe. Kitenge kivae.