Siku ya Kumi na Mbili ya Mfungo Sita

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ni chache siku za mwaka zilizobeba mambo makubwa mfano wa siku ya 12 ya Mfungo Sita, mwezi ambao kwa Kiarabu huitwa Rabiul-Awwal. Riwaya iliyo mashuhuri yasema ya kuwa siku hiyo Mtume Muhammad (s.a.w.) alizaliwa Makka katika Mwaka wa Ndovu, karibu na mwaka 570 wa miladi, na tarehe hiyo aliwasili Kuba, nje ya Madina, katika Hijra yake, mwaka 622, na tarehe hiyo alifariki, mwaka wa 11 wa Hijra, yaani 632. Furaha na msiba vimekutana mahali pamoja.

Waislamu wa Kimara, kandokando ya njia iendayo Morogoro, na wenzao wa Mrima na visiwani, huiona siku hii katika kalenda imeandikwa Maulidi, na katika Tanzania ni siku ya mapumziko. Wako wasomao Barzanji, na wako waonao ya kuwa jambo hilo halina asili. Na wako waulizao: yafaaje kufurahi siku aliyokufa Mtume? Kabla ya watu kujibizana, yapasa kupambanua lililo yakini na lililo la hesabu.

Lililo yakini ni Jumatatu. Imamu Muslim amepokea kwa Abu Qatada ya kuwa Mtume aliulizwa habari ya saumu ya Jumatatu, akajibu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. Na kufariki kwake Jumatatu kumethubutu katika hadithi ya Anas. Ama tarehe ya kuzaliwa, wanavyuoni wamekhitilafiana: Ibn Is-hak amesema 12, wengine wamesema 8, wengine 9, na Mashia hushika 17.

Tarehe ya kufa nayo ina mushkili wake. Al-Suhayli, mwanachuoni wa Andalusi aliyefariki mwaka 1185, aliudhihirisha kwa hesabu. Katika Hija ya Kuaga, siku ya Arafa, tarehe 9 Mfungo Tatu, ilikuwa Ijumaa, wala hapana khitilafu. Basi mwezi mosi wa Mfungo Tatu ulikuwa Alhamisi. Baina ya hapo na Mfungo Sita pana miezi mitatu, nayo ni Mfungo Tatu, Mfungo Nne na Mfungo Tano, na kila mmoja ni wa siku 29 au 30. Msomaji na ahesabu kwa vidole. Ikiwa yote mitatu ni kamili, siku ya 12 ya Mfungo Sita itakuwa Jumapili. Ukipungua mwezi mmoja itakuwa Jumamosi. Ikipungua miwili, Ijumaa. Ikipungua yote, Alhamisi. Jumatatu haipatikani kabisa.

Ibn Kathir wa Damascus, aliyefariki mwaka 1373, ameleta jibu. Amesema huenda watu wa Madina waliuona mwezi wa Mfungo Tatu usiku mmoja baada ya watu wa Makka. Kwa hesabu yao mwezi mosi ulikuwa Ijumaa. Na miezi mitatu ikiwa kamili, Mfungo Sita waanza Alhamisi, na siku ya 12 ni Jumatatu.

Na azingatie mwenye akili. Jibu hili lasimama juu ya jambo moja tu: kwamba mwezi waweza kuandama katika mji na usiandame katika mji wa pili. Mwanachuoni huyu hakuona ajabu miji miwili mitukufu kupishana kwa usiku mmoja, wala hakumtoa mtu katika dini kwa ajili hiyo. Basi ndugu wa mtaa mmoja wanaokatana salamu kwa sababu ya mwezi wa Idi wamepoteza kubwa kwa kutafuta dogo.

Tena tarehe si kamba ya kumfunga mtu. Lamu husherehekea Maulidi yake makubwa mwishoni mwa Mfungo Sita. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi umepungua kwa siku kama 11, katika mwaka 2015 Maulidi yaliangukia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Asomaye Maulidi na asiyesoma hawakhitilafiani katika Jumatatu. Hiyo Mtume mwenyewe aliitaja pamoja na kuzaliwa kwake, na aliiadhimisha kwa kufunga. Huja kila juma, kwa tajiri na maskini, wala haingoji kuandama kwa mwezi.

Wallahu aalam.