Damu Baada ya Kujifungua: Kwa Nini Mkunga Anapima na Kuandika

Akina mama wengi huuliza kwa nini siku hizi mkunga akishampokea mtoto haharakishi kufuta damu kitandani, bali anaitazama, anaipima, kisha anaandika. Wengine huona anapoteza muda kwa makaratasi. Mwezi huu tujifunze faida ya maandishi hayo, hasa yanapokusanywa na kuchapishwa ili wakunga wa mbali nao wayasome.

Mwaka 1847 hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria, ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari na wanafunzi wao, ambao walitoka kupasua maiti wakaja kuwapima akina mama. Huko kwa madaktari homa ya uzazi iliua zaidi: Aprili walikufa wanawake 18 katika kila 100. Daktari Ignaz Semmelweis aliagiza wote wanawe mikono kwa maji yenye klorini, na mwezi Juni vifo vilishuka hadi 2 hivi katika 100. Lakini yeye hakupenda kuandika. Rafiki zake waliandika kwa ufupi badala yake, na wengi hawakuelewa sawasawa. Kitabu chake mwenyewe kilitoka mwaka 1861, miaka 14 baadaye. Waliokufa katikati hapo, Mungu ndiye ajuaye idadi yao.

Hayo ni ya kale, lakini leo bado tuna adui mwingine wa wazazi, nayo ni damu inayotoka kupita kiasi baada ya kujifungua. Damu hii hudanganya macho. Nyingine hunywewa na khanga, nyingine huchanganyika na maji ya uzazi, nyingine hudondoka chini ya kitanda. Hata mkunga mzoefu anaweza kuona kidogo kumbe ni nyingi.

Utafiti ulioitwa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza pamoja na Shirika la Afya Duniani, ulishughulikia jambo hilo katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Ulihusu zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika baadhi ya hospitali hizo, mama aliwekewa chini yake plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika nusu lita, wakunga hawakujaribu tiba moja wakasubiri. Walisugua tumbo la uzazi, wakatoa dawa ya kulikaza, dawa ya kuzuia damu na dripu, wakatafuta chanzo, yote kwa mfululizo mmoja. Hospitali nyingine ziliendelea na utaratibu wao wa kawaida. Huko, waliopoteza lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo au kufariki kwa sababu ya damu, walikuwa 43 katika kila 1,000. Kwenye mfuko wa vipimo walikuwa 16.

Matokeo yalichapishwa Mei 2023. Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa nchi zote. Linganisheni miezi 7 na miaka 14!

Basi, mama, ukiombwa kuingia katika utafiti, omba uelezwe kwa lugha unayoielewa. Jina lako halichapishwi. Una haki ya kukataa, na hutapunguziwa matibabu. Uliza pia matokeo yatatolewa wapi, na hospitali yenu itaambiwa lini. Swali hili watu hawaliulizi, nami naona lina haki ya kuulizwa.

Nanyi akina bibi na mawifi mnaomsindikiza mzazi, msikimbilie kufua khanga wala kumwaga kilichomo kwenye beseni kabla mkunga hajaona. Najua ni heshima kumsitiri mwenzenu, ila kwanza apimwe.

Mzazi akisharudi nyumbani, angalieni vitambaa. Vikilowa chapachapa na kubadilishwa upesi upesi, au akiona kizunguzungu, akitoka jasho la baridi, au moyo ukimwenda mbio, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na baba mwenye nyumba hayupo.