Njia ya Pili ya Mtandao ni Kinga ya Mgonjwa

Tarehe 13 Novemba 2002, mtandao wa kompyuta wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulizidiwa. Kwa siku zipatazo nne ulikuwa ukirejea na kuanguka tena. Madaktari walirudi kwenye fomu za karatasi, na majibu ya maabara yakapelekwa kwa mkono. Hospitali hiyo haikukosa njia za akiba; kilichoshindwa ni utaratibu wa kuzitawala.

Swichi huunganisha kompyuta za jengo moja. Ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine, na ndiyo mlango wa kutokea kwenye intaneti. Kiungo kinachofanya kazi kwa asilimia 99 ya muda hukatika takribani siku tatu na nusu kwa mwaka. Viungo viwili vya namna hiyo, visivyotegemeana, hukatika kwa pamoja kwa takribani dakika 53 tu.

Neno "visivyotegemeana" ndilo kiini cha somo hili. Mwanadamu ana figo mbili, lakini shinikizo la damu likiporomoka, zote mbili hudhurika. Vivyo hivyo, swichi mbili zilizochomekwa kwenye soketi moja ya umeme, au kebo mbili zilizopita katika mtaro mmoja, ni akiba ya jina tu.

Tena, kama ilivyo dawa, kebo ya ziada ina madhara yake. Swichi zikiungana kwa duara, ujumbe huzunguka bila kikomo na kujizidisha hadi mtandao wote unaziba. Mwaka 1985 Radia Perlman alibuni utaratibu ambao swichi hukubaliana kulifunga tawi moja la duara na kulifungua pale tu jingine linapokatika. Kwa mipangilio yake ya kawaida, utaratibu huo haukusudiwi kuvuka swichi saba mfululizo. Mtandao wa Boston ulikuwa umekua na kuupita mpaka huo, na wingi wa data za utafiti ukaufikisha ukingoni.

Kwa hiyo muundo wa hospitali uzingatie mambo haya:

1. Kila swichi ya wadi iunganishwe na swichi kuu mbili, zilizo katika vyumba tofauti na zenye vyanzo tofauti vya umeme.
2. Ruta ziwe mbili, zikitumia anwani moja ya pamoja, ili moja ikizimika nyingine ishike nafasi yake bila mtumiaji kubadilisha chochote.
3. Mitandao ya majengo itenganishwe kwa ruta, ili hitilafu ya jengo moja isiambukize mengine.
4. Laini za intaneti zitoke kwa kampuni mbili na zipite njia mbili.
5. Kila baada ya muda, kiungo kimoja kikatwe kwa makusudi, kwa saa iliyotangazwa. Akiba isiyojaribiwa haiaminiki.

Hata muundo bora waweza kushindwa. Mhudumu wa afya ahakikishe fomu za karatasi zipo wadini na kila mtumishi anajua kuzijaza. Mgonjwa naye atunze kadi yake ya kliniki na orodha ya dawa anazotumia na zile zinazomdhuru. Siku mtandao utakapokatika, karatasi hiyo ndiyo itakayomzuia daktari kumwandikia dawa isiyomfaa.