Paa lako limepigwa picha: je, kampuni ya bima yaweza kuamua bila kukuuliza?

Hapa Port Reitz, Mombasa, bima ya nyumba mara nyingi huanzia benki. Anayekopa kujenga hutakiwa akate bima ya moto kabla mkopo haujatoka, kisha hulipia mwaka baada ya mwaka bila kumwona mkaguzi akibisha hodi. Kampuni isiyotuma mtu huvutiwa na njia rahisi ya kuiona nyumba kutoka juu. Marekani njia hiyo imeshakuwa mazoea: kampuni za bima hununua picha za mapaa zilizopigwa kwa ndege, droni na setilaiti, programu ya kompyuta hulipatia kila paa alama, na wenye nyumba wamepokea barua kwamba bima zao hazitaendelea kwa sababu ya paa ambalo hakuna aliyepanda kulikagua. Picha za setilaiti zinauzwa duniani kote, na mitaa yetu ya Changamwe inaonekana humo kama mitaa ya California. Hatuna sababu ya kungoja barua kama hizo zitufikie ndipo tuulize sheria inasemaje. Sheria ya Kenya haizitaji picha za angani za bima kwa jina, lakini tayari inakupa haki ya kuambiwa, kuiona picha, kuipinga, na kudai uamuzi uangaliwe upya na binadamu.

Msingi ni ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayolinda faragha ya mtu, ikiwemo ya nyumba yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaenda mbali zaidi, tena kwa namna ambayo wengi hawajaitambua: katika orodha ya data nyeti, pamoja na afya, kabila na ndoa, imetaja pia maelezo kuhusu mali ya mtu. Picha ya paa peke yake haina mwenyewe. Ikishaunganishwa na jina lako, namba ya kiwanja na mkataba wako wa bima, inakuwa habari kuhusu mali yako, na kwa maoni yangu inaingia moja kwa moja kwenye kundi hilo. Kifungu cha 29 kinamtaka anayekusanya data akueleze kwamba anaikusanya, kwa kusudi gani, na atampa nani. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuiona, kuipinga, na kutaka yenye makosa irekebishwe au ifutwe.

Wapo watakaosema paa si siri, kila ndege inayotua uwanja wa Moi hulipita. Ni kweli, na kama sheria ingelinda siri tu, hoja hiyo ingetosha. Lakini inalinda pia matumizi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data, anayeisimamia sheria hiyo, aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake, ingawa mteja huyo alikuwa mahali ambapo kila aliyeingia angemwona. Kuonekana na watu hakukumfanya kuwa mali ya mwenye kamera. Mwenye nyumba naye hakulitangaza paa lake kwa ulimwengu kwa kuliezeka tu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kampuni ya bima lazima ijue hatari inayoibeba, la sivyo mwenye paa zima atakuwa akimlipia mwenye paa bovu. Nakubaliana nalo. Bima imejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili, na mteja anayeficha paa linalooza anajihatarisha kunyimwa fidia siku ya msiba. Lakini kujua hatari ni jambo moja, na kudhani umeijua ni jambo lingine. Pwani yetu ina chumvi hewani. Mabati hushika kutu usoni mapema, michirizi myekundu ikateremka kutoka kwenye misumari, na bado bati lisivuje. Turubai lililokandamizwa kwa matairi huenda ni la fundi aliye kazini wiki hiyo. Na picha haiwezi kuonyesha kwamba nyumba ni ya mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine, hali iliyozoeleka sana Mombasa. Kenya yenyewe ina uzoefu wa bima inayotazama kutoka juu: tangu 2010 huko Marsabit, wafugaji wamekuwa wakikatiwa bima inayolipa kwa kipimo cha setilaiti cha ukijani wa malisho, na serikali ikaanzisha mpango wake wa aina hiyo 2015. Mfugaji anaweza kupoteza ng'ombe na asilipwe kwa sababu setilaiti iliona majani. Angalau yeye kipimo hicho kimeandikwa kwenye mkataba wake tangu mwanzo. Mwenye nyumba anayepimwa kimyakimya hana hata hilo.

Ndiyo maana kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kina thamani kubwa. Uamuzi unaokuathiri sana usifanywe na mashine peke yake. Hata pale mkataba unaporuhusu, kampuni lazima ikujulishe kwa maandishi, nawe waweza kutaka uamuzi uangaliwe upya na binadamu. Kampuni ina uhuru wa kukataa biashara, ndiyo, lakini uhuru huo hauifutii wajibu wa kukueleza ilitumia data gani.

Droni zina sheria yake. Kanuni za 2020 zinataka opereta awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na aheshimu faragha ya watu na mali zao. Karibu na uwanja wa ndege, kama ilivyo Port Reitz, masharti ni makali zaidi. Ukiiona droni juu ya ua wako, una haki ya kuuliza kibali kiko wapi.

Barua ikija, usipige simu tu. Andika, kwa Kiswahili ukipenda: "Naomba nakala ya picha na alama mliyotumia, tarehe iliyopigwa, na jina la aliyewauzia. Napinga uamuzi huu na naomba mkaguzi aje." Ambatanisha picha zako zenye tarehe na risiti ya fundi. Kanuni za ulinzi wa data za 2021 zinaipa kampuni siku 7 kukuonyesha data yako, bila malipo. Ikinyamaza, mlalamikie Kamishna wa Data, anayetakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90 na anayeweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5. Kuhusu bima yenyewe, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Ila angalia jina lililo kwenye mkataba: sheria hii ya data humlinda mtu, haiilindi kampuni, kwa hiyo mwenye ploti za kupangisha aliyezisajili kwa jina la kampuni yake hataweza kuitegemea na itabidi adai haki yake kupitia mkataba na IRA.